Jangwani, kinamasini au chini ya bahari: kuchagua mandhari ya diorama ya ndege ya vita iliyoanguka

Mtu anayekusudia kujenga diorama, yaani mandhari ndogo ya mfano, ya ndege ya Vita vya Pili vya Dunia iliyoanguka kwa kawaida huanza kwa kuchagua ndege anayoipenda, hununua seti yake ya vipande vya plastiki vya kuunganisha, kisha ndipo hujiuliza aiweke wapi. Mpangilio huo hauna ubaya kwa ndege nzima iliyoegeshwa uwanjani. Kwa mabaki huleta shida, kwa sababu kinachotazamwa si ndege peke yake bali ni ndege pamoja na yote ambayo upepo, mvua, chumvi au mimea imeitendea tangu siku ilipoanguka. Ndege ya aina moja ikilala miaka 50 mchangani na nyingine ikilala miaka 50 baharini, zitakuwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo, na mbinu za kuziunda zitatofautiana vivyo hivyo. Kwa hiyo makala haya yanalinganisha mahali, si aina za ndege: jangwa, kinamasi chenye nyasi au msitu, na sakafu ya bahari.

Vigezo vitakavyotumika

Kila mandhari itapimwa kwa mambo yale yale. La kwanza ni ushahidi, yaani kama kuna picha na kumbukumbu za kutosha za mabaki halisi ambazo mjenzi anaweza kuzifuata. La pili ni kazi ya kukata na kuharibu modeli. La tatu ni rangi na kuchakaa kwake, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mtazamaji ataamini anachokiona. La nne ni ujenzi wa ardhi au maji, la tano ni skeli (uwiano wa ukubwa wa modeli na kitu halisi, ambapo 1:48 ni modeli iliyo ndogo mara 48) na nafasi itakayohitajika, na la mwisho ni muda, vifaa na usalama. Sikuweka uzuri miongoni mwa vigezo, kwa kuwa mandhari zote tatu zinaweza kupendeza na zote zinaweza kuchukiza.

Ushahidi wa kufuata

Jangwa lina mifano iliyopigwa picha vizuri kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa hakuna kinachoifunika ndege na mwanga ni mwingi. Mifano miwili inaonyesha upana wa uchaguzi. Wa kwanza ni P-40 Kittyhawk yenye namba ET574, iliyopotea tarehe 28 Juni 1942 ikirushwa na Dennis Copping wa jeshi la anga la Uingereza, na ikaonekana tena mwaka 2012 katika Jangwa la Magharibi la Misri. Wa pili ni ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, B-24 Liberator iliyopewa jina la Lady Be Good, ambayo haikurejea kituoni tarehe 4 Aprili 1943. Watu wake tisa waliruka kwa miavuli, na ndege ikaendelea peke yake hadi ikatua kwa tumbo katika jangwa la Libya, ambako ilionekana kutoka angani mwaka 1958. Kiwiliwili chake kilikuwa kimevunjika nyuma ya mabawa, lakini redio na bunduki zake zilikuwa bado zinafanya kazi. Mfano mmoja una miaka 15 ya jua na mwingine una miaka 70, na mjenzi anayepanga rangi zake anapaswa kujua anaonyesha umri upi.

Kwa kinamasi, mfano mashuhuri ni B-17E, nayo ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, yenye namba 41-2446, inayojulikana kama Swamp Ghost. Ilitua kwa tumbo katika kinamasi cha Agaiambo huko Papua New Guinea tarehe 23 Februari 1942, na watu wake wote tisa walitoka wakiwa hai. Ndege ilibaki pale, ikazungukwa na nyasi ndefu na maji yasiyo na chumvi, ikagunduliwa upya mwaka 1972 na kuondolewa mwaka 2006. Leo ipo katika jumba la makumbusho ya anga la Pearl Harbor. Mfano wa aina nyingine kabisa ni Zero ya Kijapani iliyojaribu kutua katika kisiwa cha Akutan, Alaska, mwezi Juni 1942: magurudumu yake yalizama katika ardhi laini, ikapinduka na kulala chali, na rubani wake Tadayoshi Koga akafa. Picha za ndege hiyo zina thamani kwa mjenzi kwa kuwa zilipigwa wiki chache tu baada ya ajali, kabla hali ya hewa haijaanza kazi yake.

Bahari nayo ina mabaki mengi, ila ushahidi wake hupatikana kwa vipande. Katika ghuba ya Chuuk, visiwa vya Mikronesia katika Pasifiki, iliyoshambuliwa na Wamarekani tarehe 17 na 18 Februari 1944, wazamiaji hutembelea ndege za Kijapani zikiwemo G4M iliyoitwa Betty na ndege kubwa ya majini H8K iliyoitwa Emily. Katika Mediterania kuna B-17 karibu na Calvi, Corsica, kwenye kina cha takriban mita 27, na nyingine karibu na kisiwa cha Vis, Kroatia, kwenye kina cha takriban mita 72. Tatizo ni kwamba maji hayamruhusu mpiga picha kurudi nyuma sana, hivyo mara chache utapata picha moja inayoonyesha ndege nzima. Mjenzi hulazimika kuunganisha picha nyingi za karibu, na sehemu ambazo hazikupigwa picha atazikamilisha kwa akili yake.

Kukata na kuharibu modeli

Kabla ya kutofautisha mandhari, kuna kazi ambayo haiepukiki popote. Ganda la ndege nyingi za wakati huo lilikuwa bati la alumini lenye unene wa karibu milimita moja, mara nyingi pungufu ya hapo. Plastiki ya seti nayo ina unene wa karibu milimita moja, na katika skeli ya 1:48 unene huo ni sawa na ukuta wa karibu sentimita tano. Ukitoboa tundu bila kufanya jambo lingine, mtazamaji ataona ndege iliyochongwa kwa ubao mnene. Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kukwangua plastiki kwa ndani kwa kidrili chenye kichwa cha kusagia mpaka mwanga uanze kupenya, kisha kupasua sehemu hiyo nyembamba. Ya pili ni kukata paneli nzima, kujenga mbavu za ndani kwa vijiti vya plastiki, na kufunika juu yake kwa karatasi ya alumini. Karatasi ya kawaida ya jikoni ina unene wa karibu milimita 0.016, ambao ukizidishwa mara 48 unakaribia milimita 0.8, yaani unene wa bati halisi. Hujikunja, huchanika na kubonyea sawasawa na bati la ndege, na hakuna plastiki inayoweza kuiga hilo.

Jambo la pili linalozikabili mandhari zote ni kitambaa. Katika P-40, Zero, B-17 na B-24, sehemu za kuongozea ndege zilizo nyuma ya mabawa na mkia zilikuwa na fremu ya metali nyepesi iliyofunikwa kitambaa. Kitambaa huoza au kuchanwa na upepo muda mrefu kabla ya alumini kudhoofika, na kinachobaki ni mbavu tupu. Seti nyingi hutoa sehemu hizo zikiwa plastiki iliyojaa, kwa hiyo mjenzi hana budi kuzitoboa kati ya ubavu na ubavu kwa uvumilivu. Wengi huiruka kazi hii, na matokeo yake ni mabaki yanayodaiwa kuwa ya miaka 50 yakiwa na usukani wa mkia mpya kabisa.

La tatu ni rafadha, yaani pangaboi la ndege. Kwa kawaida ncha za rafadha iliyokuwa ikizungushwa kwa nguvu ya injini wakati wa kugusa ardhi hujikunja kuelekea mbele, na zile za injini iliyoishiwa nguvu hupinda kuelekea nyuma. Mapanga ya mbao, yaliyotumika kwenye baadhi ya Spitfire, hayapindi bali hupasuka na kubaki visiki. Plastiki hupindishwa kwa kuchovywa kwenye maji yanayochemka na kushikiliwa katika mkunjo hadi ipoe.

Baada ya hayo, njia hutengana. Jangwa hudai uharibifu mchache lakini safi: tumbo lililokatwa ili ndege ilale chini, vifuniko vya injini vilivyong'oka, kiwiliwili kilichovunjika, rafadha iliyochomoka. Kila mkato utaonekana, kwa kuwa hakuna pa kuuficha, na chumba cha rubani lazima kiwe kamili. Kinamasi ni chepesi zaidi katika hatua hii, maana ndege iliyotua polepole juu ya maji na nyasi hubaki karibu nzima, na sehemu yote ya chini hufichwa. Ukichagua ndege iliyolala chali kama ile ya Akutan, chumba cha rubani hakionekani kabisa, ila utalazimika kuunda kwa ukamilifu mashimo ya magurudumu na tumbo lililotapakaa mafuta. Bahari hudai kukata kwingi kuliko zote. Maji ya chumvi hula kwanza mabati membamba na sehemu zilizogusana na metali nyingine, na huacha mihimili minene, injini, miguu ya magurudumu na matairi. Vioo vya plastiki vya ndege haviliwi na chumvi, kwa hiyo si ajabu kukuta dirisha zima limebaki kwenye kiwiliwili kilichotoboka kila mahali. Hata hivyo bahari ina huruma ambayo jangwa halina: kosa la kukata linaweza kufunikwa kwa sponji na matumbawe bila mtu kujua.

Rangi, mng'ao na kutu

Kosa linaloharibu diorama nyingi za aina hii ni kutu nyekundu iliyopakwa juu ya mabawa na kiwiliwili. Alumini haitoi kutu nyekundu. Ikiliwa hutoa unga mweupe au wa kijivu, huvimba kingoni, na hatimaye hutoboka. Kutu ya rangi ya machungwa au kahawia inastahili kuonekana mahali palipo na chuma tu: mitutu ya bunduki, bamba la kinga nyuma ya kiti cha rubani, mabomba ya moshi, silinda za injini, miguu ya magurudumu, na skrubu za hapa na pale ambazo michirizi yake huweza kuteremka juu ya alumini. Mwenye kuzingatia jambo hili moja amekwisha kuipita kazi ya wengi, hata kama mbinu zake nyingine ni za kawaida.

Jangwani hakuna unyevu wa kutosha kuleta kutu kubwa. Kinachotenda kazi ni jua na mchanga unaopeperushwa. Rangi za juu hufifia, na upande unaoelekea upepo hukwanguliwa hadi alumini hung'aa, wakati chini ya mabawa, kwenye kivuli, rangi ya awali hubaki karibu vile ilivyokuwa. Mbinu inayofaa ni kupaka rangi ya fedha kwanza, kupuliza dawa ya kushikisha nywele, kupaka rangi ya akriliki juu yake, kisha kuilowesha kwa maji na kuikwangua kwa brashi ngumu. Safu ya dawa huyeyuka na rangi hutoka kwa vipande visivyotabirika, kama inavyotoka kwenye ndege halisi. Kati ya rangi na bati kunaweza kuonekana rangi ya kinga ya manjano yenye ukijani, ambayo Wamarekani waliitumia sana, na kuiweka kidogo kidogo kwenye kingo za mikwaruzo huongeza kina. Ni muhimu mkwaruzo ufuate mwelekeo mmoja wa upepo, maana ukizagaa pande zote sawasawa utaonekana kuwa ni uamuzi wa brashi.

Kinamasini rangi hudumu zaidi, lakini hubadilika. Kuna mstari wa maji pembeni mwa kiwiliwili, michirizi inayoteremka kutoka kwenye riveti na viungo vya paneli, kuvu na ukijani kwenye kona zenye kivuli, na majani makavu yaliyonasa kwenye nyufa. Rangi ya mafuta iliyoyeyushwa sana na kuvutwa kuelekea chini kwa brashi yenye unyevu huleta michirizi hii vizuri. Kazi yote ni ya tabaka nyembamba, na mjenzi mwenye pupa ataishia na ndege iliyojaa matope tu. Binafsi naona hii ndiyo mandhari inayomfundisha mtu rangi kuliko zote, kwa kuwa hakuna mbinu moja inayoweza kuifanya peke yake.

Chini ya bahari alama na namba za ndege karibu zote hutoweka. Hakuna mng'ao, na uso wote huwa na vinundu, maganda na mashapo. Swali gumu ni la mwanga. Maji hufyonza mwanga mwekundu kwanza, na kadiri kina kinavyoongezeka kila kitu huonekana buluu au kijani, hata sponji nyekundu huonekana karibu nyeusi. Lakini picha nyingi za wazamiaji zimepigwa kwa taa, na ndani ya duara la taa rangi zote hurudi. Mjenzi achague moja: ama apake kila kitu kwa kivuli cha buluu, ama apake rangi kamili na kuacha buluu iletwe na taa ya sanduku. Anayechanganya njia zote mbili, kwa kuweka matumbawe mekundu yanayowaka ndani ya maji ya buluu nzito bila taa ya mzamiaji, hupata kitu kinachofanana na hifadhi ya samaki ya sebuleni.

Ardhi na maji

Ardhi ya jangwa huonekana rahisi, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Mchanga halisi ni mkubwa mno. Chembe ya nusu milimita katika skeli ya 1:72 ni sawa na kokoto ya sentimita 3.6, na kiwanja kilichojaa chembe hizo ni uwanja wa kokoto. Kwa mchanga laini hutumika unga wa kujazia viungo vya vigae au plasta iliyopepetwa kwa kitambaa. Tena jangwa si lazima liwe matuta. ET574 ilipatikana kwenye uwanda wenye mawe, na Lady Be Good ilikuwa kwenye ardhi tambarare na ngumu, kwa hiyo anayezungushia ndege yake matuta yenye mawimbi mazuri hana budi kuwa na sababu. Mahali mchanga unapopaswa kurundikana ni upande wa ndege usiopigwa na upepo, na ndani ya kila tundu.

Kinamasi ndicho chenye kazi nyingi zaidi ya ardhi, na nataka kulikazia hili kwa sababu watu huiona ndege ikiwa nzima wakadhani diorama itakwisha haraka. Nyasi zenye urefu wa mita 1.5 katika skeli ya 1:72 zinahitaji nyuzi za milimita 21, na zinahitajika kwa maelfu. Nyuzi za katani au za usumba, zikikatwa na kupakwa rangi kabla ya kubandikwa, hufaa kuliko nyasi za kiwandani, ambazo nyingi ni fupi mno. Hupandwa kwa mafungu madogo kwenye matundu yaliyotobolewa, kuanzia karibu na ndege kuelekea nje, na mafungu yaliyo jirani yasilingane urefu. Maji yake ni mepesi kwa kuwa ni ya kina kifupi: kiwanja cha sentimita 50 kwa 40 chenye maji ya sentimita moja huhitaji lita mbili tu za epoksi (kimiminika angavu cha plastiki kinachoganda kikawa kigumu), zikimiminwa kwa tabaka. Sakafu ipakwe rangi ya giza kabla ya kumimina, na ukingo wote uzibwe vizuri, maana epoksi hupata njia hata kwenye ufa usioonekana.

Kwa bahari kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba huweza kuitwa mandhari mbili. Njia ya kwanza ni kuijaza sehemu yote kwa epoksi angavu. Kwa ndege ya injini moja katika skeli ya 1:48, kiwanja cha sentimita 30 kwa 25 chenye kina cha sentimita 15 hudai zaidi ya lita 11, na uzito wake hupita kilo 12. Epoksi hutoa joto inapoganda. Ikimiminwa nene kuliko mtengenezaji alivyoagiza, joto hilo huweza kupinda plastiki ya modeli, na viputo vikinaswa chini ya bawa haviondoki tena. Baada ya miaka, mwanga wa jua huigeuza kuwa ya manjano. Njia ya pili ni sanduku kavu: kuta zenye rangi ya buluu inayokolea kuelekea nyuma, taa juu yenye kichujio cha buluu au kijani, na karatasi angavu yenye mawimbi ya varnishi chini ya taa ili mwanga ucheze juu ya mabaki. Hakuna kimiminika chochote. Hutazamwa upande mmoja tu, hiyo ni hasara yake, lakini ndege inaweza kutolewa na kurekebishwa wakati wowote, na kwa modeli kubwa sioni sababu ya kushindana na lita 11 za epoksi.

Skeli na nafasi

P-40 ina upana wa mabawa wa mita 11.4 hivi, ambao katika skeli ya 1:72 huwa sentimita 16, katika 1:48 sentimita 24, na katika 1:32 sentimita 36. B-17 yenye mita 31.6 huwa sentimita 44 katika 1:72 na karibu 66 katika 1:48. Jangwa ndilo linalohitaji eneo kubwa zaidi kuzunguka ndege, kwa sababu upweke wake ndio habari yenyewe, na kiwanja kilichobana humfanya mtazamaji asahau kwamba hakuna kitu kwa mamia ya kilomita. Kinamasi hukubali kiwanja kilichobana, kwa kuwa nyasi huweza kufika hadi ukingoni na kukata mwonekano. Bahari huhitaji urefu wa kwenda juu. Asidhani mtu kwamba ataonyesha uso wa maji pamoja na mabaki yaliyo kwenye kina kirefu: mita 27 katika skeli ya 1:72 ni sentimita 37.5 za maji matupu juu ya ndege. Afadhali kuuacha uso wa maji nje ya picha.

Sanamu ya mtu husaidia skeli kueleweka. Mtu wa mita 1.75 ni milimita 24 katika 1:72 na milimita 36 katika 1:48. Jangwani atakuwa mgunduzi aliyesimama mbali kidogo, baharini mzamiaji mwenye taa. Mabaki ya watu ni jambo jingine. Mengi ya maeneo haya ni makaburi, na miili ya wanane kati ya wale tisa wa Lady Be Good ilipatikana mwaka 1960 mbali na ndege yao, wengi wao wakiwa wametembea jangwani. Mwavuli uliotandazwa kando ya bawa, kama ule uliokutwa karibu na ET574, unatosha bila mifupa.

Muda, vifaa na usalama

Jangwa humalizika haraka kuliko zote, na vifaa vyake ni vichache, ingawa brashi ya hewa inahitajika kwa rangi zilizofifia. Kinamasi huchukua muda mrefu lakini kwa kazi ndogo ndogo zinazoweza kuachwa na kurudiwa. Bahari ya epoksi huwa na siku za kusubiri kati ya tabaka na gharama kubwa ya kimiminika, wakati sanduku kavu huhitaji ujuzi kidogo wa nyaya za taa.

Vumbi la plastiki lidhibitiwe kwa kupiga msasa ukiwa na maji, na barakoa ivaliwe wakati wa kutumia kidrili au kupepeta plasta. Dawa ya nywele hushika moto, kwa hiyo isipulizwe karibu na mwako. Epoksi ishikwe kwa glavu katika chumba chenye hewa, kwani huweza kuanzisha mzio wa ngozi ambao ukishaanza hauondoki kwa urahisi.

Uchaguzi kulingana na hali

Anayejenga mabaki kwa mara ya kwanza na ana seti ya ndege ndogo aanze na jangwa, akichagua umri wa miaka michache baada ya ajali, ili asilazimike kukwangua rangi yote wala kutoboa kila ubavu. Atajifunza kukata tumbo, kupinda rafadha na kutumia karatasi ya alumini, na kasoro zake zitamwonyesha la kurekebisha. Mwenye ustadi wa rangi anayetaka kuonyesha alama na namba za ndege halisi naye yuko mahali pake hapa, maana kwingine alama hizo hufunikwa.

Mwenye subira ya vitu vidogo na anayependa kupanda mimea kuliko kukata plastiki atafurahia kinamasi. Ndicho pia kinachofaa kwa mwenye seti ya ndege kubwa ya injini nne ambaye haoni raha kuivunjavunja baada ya kuijenga kwa uangalifu, kwa kuwa ndege itabaki karibu nzima. Asiyependa kujenga chumba cha rubani na ailaze chali.

Anayetaka kuvumbua, ambaye hafungwi na picha moja, aelekee baharini. Kama chumba cha kazi hakina dirisha, au kuna watoto wadogo nyumbani, aachane na epoksi na kujenga sanduku kavu. Kama diorama itawekwa mezani na kuzungukwa na watazamaji pande zote, sanduku halitafaa, na hapo achague skeli ya 1:144 au 1:72 yenye ndege ndogo, ili kiasi cha epoksi kibaki lita moja au mbili.

Aliye na modeli ya zamani iliyovunjika, iliyopoteza magurudumu, vioo au nusu ya mkia, asiitupe. Kwa jangwa haitafaa, kwa sababu kila kilichopotea kitaulizwa kiko wapi. Kwa kinamasi itafaa ikiwa kilichopotea kipo upande wa chini. Kwa bahari, kinachohitajika zaidi ni injini, rafadha na mhimili mkuu wa bawa, na vingine vyote vinaweza kuwa vimekwisha kuliwa.